Pumzi ya Injini: Mjadala wa Kopo la Oili

Jumamosi moja asubuhi, chini ya mwarobaini wa gereji moja ya Ilala, Dar es Salaam, kijana alishuka kwenye Forester yake ameshika boksi. Ndani mlikuwa na kopo jeusi la alumini, kubwa kidogo kuliko chupa ya soda, lenye midomo miwili ya kuchomekea mipira juu na koki ndogo chini. Alikuwa amelinunua kwa shilingi elfu themanini. Alitaka lifungwe kabla ya saa sita, maana mchana alikuwa na safari ya Morogoro.

Halikufungwa. Fundi mkuu alilitoa, akalitikisa, akapuliza kwenye mdomo mmoja, akalirudisha kwenye boksi. Mabishano yaliyoanza hapo yalidumu mpaka adhana ya alasiri. Nilikuwapo kwa ajili ya kubadili oili ya gari langu, na nimeyaandika kwa sababu swali hili sasa nalikuta kila gereji ninayoingia, na majibu mengi ninayoyasikia hutoka kwa mtu mwenye kopo la kuuza. Waliozungumza walikuwa wanne: kijana mwenyewe, fundi mkuu, mwalimu wa ufundi wa magari (mama ambaye hupita pale kuwaangalia wanafunzi wake walio katika mafunzo kwa vitendo), na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa miradi huko bara kwa miaka mingi, ambaye siku hizi huja gerejini kwa mazungumzo tu.

Kijana: Shikamoo fundi. Nina kechi keni hapa, kopo la kudakia oili, nataka unifungie.

Fundi: Marahaba. Gari linakusumbua nini?

Kijana: Halinisumbui. Nataka tu injini isile uchafu wake. Wenzangu wenye tabo wote wamefunga.

Fundi: Halikusumbui, na bado unataka nikate mipira ya briza. Mwanangu, mimi nakata palipo na ugonjwa. Hapa unataka nikufungie pambo?

Kijana: Si pambo, fundi. Hii injini ni ya tabo, na nozo zake zinamwaga petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Mwalimu anajua maana yake.

Mwalimu: Najua. Lakini tuanze na kinachotoka, ndipo tujue cha kudaka. Pistoni haizibi silinda kama kizibo kinavyoziba chupa. Ina ringi, na ringi zina mianya. Kila petroli inapowaka, kiasi kidogo cha ule moto hupenya pembeni mwa ringi kikashuka kwenye tumbo la injini, kule iliko oili. Kinashuka pamoja na petroli isiyoungua, masizi na maji. Msishangae maji: lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Mengi hutoka kwa ekzosi, machache hushuka chini. Huko chini nako krenki inazunguka, inaipiga oili mpaka inakuwa ukungu. Vyote vikichanganyika ndiyo hiyo pumzi ya briza, yaani njia ya kupumulia ya injini. Lazima itoke. Ikizibwa, shinikizo litasukuma sili, na oili itaanza kuchuruzika kila mahali.

Dereva: Zamani ilikuwa inatoka nje. Malori tuliyojifunzia yalikuwa na bomba linaning'inia ubavuni mwa injini, linapumulia chini barabarani. Palipolala lori, asubuhi utakuta doa.

Mwalimu: Hilo bomba ndilo lililosababisha haya yote, mzee wangu. Kule Los Angeles, miaka ya 1950, watu walikuwa wanawashwa macho na ukungu mchafu. Mkemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, akaonyesha kwamba moshi na mvuke wa magari ukipigwa na jua ndio unaozaa ukungu ule. Pumzi ya tumbo la injini ilikuwa na sehemu yake kubwa. Ndipo magari mapya ya California yakaanza kuja na vali ya PCV tangu modeli za 1961, na Marekani nzima tangu modeli za 1963. Kazi ya vali ile ni kuichukua pumzi na kuirudisha kwenye manifoldi ya hewa, iingie tena kwenye silinda iungue. Haitupwi tena barabarani.

Kijana: Na hapo ndipo shida yangu inapoanzia. Inarudishwa imebeba oili, na oili inapita juu ya vali za kuingizia hewa.

Mwalimu: Kwa injini za zamani haikuwa shida. Nozo ilikuwa kwenye manifoldi, nyuma ya vali, kwa hiyo petroli iliziosha vali kila mara. Mwaka 1996 Mitsubishi wakatoa GDI, Toyota nao wakatoa D-4 mwaka huohuo, nozo zikahamia ndani ya silinda. Vali hazioshwi tena na chochote. Oili inatua, joto linaikausha, masizi yanashikamana nayo.

Dereva: Kama ukoko wa wali.

Mwalimu: Ukoko kabisa. Na ukoko huo hautoki kwa dawa ya kumimina kwenye tangi, kwa sababu kilichomo tangini hakipiti pale. Inabidi ufungue manifoldi, upulizie maganda ya jozi yaliyosagwa kwa hewa ya kompresa mpaka vali zing'ae. Toyota walipotoa D-4S mwaka 2005 waliweka nozo aina mbili, za ndani na za kwenye manifoldi. Mojawapo ya faida zake ni kwamba vali zinapata kuoshwa.

Nakiri kwamba mpaka hapo nilikuwa upande wa kijana. Hoja yake ni ya kweli: gari lake ni la mwaka 2014, lita mbili, lina tabo, na petroli yake haiigusi vali ya kuingizia hewa hata mara moja. Kama kuna injini ya petroli inayostahili kudakiwa oili, ni kama hiyo. Lakini fundi alikuwa bado hajasema lililomfanya alirudishe kopo kwenye boksi.

Fundi: Njoo upulize wewe mwenyewe. Umesikia? Hewa inapita kama kwenye bomba la maji. Ndani hamna kitu. Ukungu wa oili hauanguki chini kwa sababu umeingia kwenye kopo. Unaanguka ukigongana na kitu: vibao vinavyougeuza njia, au wavu wa chuma wenye matundu madogo, mahali palipopoa. Hili kopo lako ni tupu. Ukungu utaingia mdomo huu, utatokea mdomo ule, na kopo utaliangalia linang'aa kwenye boneti.

Kijana: Kuna jamaa alinambia nijaze stiliwaya.

Fundi: Ile ya kusugulia sufuria? Ikikatika vipande vinakwenda wapi? Vinavutwa na injini. Stiliwaya inaoza kwa yale maji aliyoyasema mwalimu, inamegeka nyuzinyuzi. Usifanye hivyo hata kwa adui yako.

Kijana: Basi nitanunua lenye wavu.

Fundi: Sawa. Sasa niambie, ulilifunga, limedaka. Nani atalimwaga?

Kijana akacheka. Fundi hakucheka. Akavuta kiti, akatueleza jambo ambalo nadhani ndilo lililobeba mjadala mzima.

Fundi: Ilikuwa pikapu ya dizeli ya tabo. Ilifungiwa kopo gereji fulani, siitaji. Mwenyewe alifungiwa akasahau, kama watu wanavyosahau filta ya hewa. Kopo likajaa mpaka juu. Siku hiyo anapanda mlima na mzigo, tabo ikayavuta yote kwa mkupuo. Sasa, dizeli haina plagi. Haiulizi imepewa dizeli au oili. Ikipata hewa na kitu cha kuungua, inaungua. Yule bwana akatoa mguu kwenye mafuta, injini ikazidi kupanda. Akazima ufunguo, haikuzima. Moshi mweupe ukafunika barabara yote. Aliyemwokoa ni utingo wake, alimpigia kelele aweke gia kubwa, akanyage breki kwa nguvu, aachie klachi mpaka injini ikakabwa ikafa. Ilipofika kwangu pistoni moja imetoboka, tabo imevunjika mabawa. Kopo lilikuwa zima kabisa.

Kijana: Basi kosa si la kopo. Ni la aliyesahau.

Mwalimu: Kweli. Lakini aliyebuni gari anajua kwamba utasahau. Ukifungua kifuniko cha vali cha magari mengi ya kisasa utakuta ndani kuna vyumba na vibao vya kutenganisha oili, inadondoka yenyewe kurudi kwenye sampo. Kiwanda kingeweza kuweka kopo kubwa nje na kuchuja zaidi, lakini hapo lazima kimtegemee mwenye gari afungue koki. Kiwanda hakipendi kumtegemea mwenye gari.

Kijana: Mimi nategemeka, mwalimu.

Dereva: Ulipima oili lini mara ya mwisho?

Kijana akanyamaza kidogo, akasema labda mwezi uliopita. Mzee hakumsuta. Alisema tu kwamba katika miaka yake yote ya Land Cruiser za 1HZ, ile dizeli ya silinda sita ya sentimita za ujazo 4,164 isiyo na tabo, hakuwahi kuona kopo hata moja, na kwamba kila asubuhi kabla ya kuwasha alikuwa anavuta dipstiki, anaangalia maji, anaandika kwenye daftari la gari. Alizungumza juu ya barabara za Singida na Dodoma za wakati ule, vumbi hadi kwenye meno, na injini zilizofika kilomita laki nne bila kushushwa. Sikuona kama alikuwa anapinga kopo. Alikuwa anaeleza aina ya mtu anayestahili kufungiwa.

Hoja iliyofuata iliwasha moto zaidi. Kijana alitoa simu akatuonyesha gari la rafiki yake: kopo limefungwa, lakini halina mpira wa kurudi. Juu yake kuna kifilta kidogo chekundu, na pumzi inatokea hapo, hewani. Alisema ndivyo magari ya mashindano yanavyofungwa.

Mwalimu: Magari ya mashindano yana kopo kwa sababu nyingine. Kanuni za FIA zinasema gari ambalo briza yake inapumulia nje lazima liwe na kopo la kukinga oili: lita mbili kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, lita tatu kwa iliyozidi hapo. Linakinga oili isimwagike njiani wenzako wakateleza. Tangu Safari Rally ianze mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, injini za mashindano zimekuwa zikifunguliwa mara kwa mara. Dereva wa mashindano hajali vali zitakuwaje baada ya kilomita laki moja. Wewe unajali. Usiige dawa ya mgonjwa mwenye ugonjwa tofauti.

Kijana: Lakini ukitoa nje, hakuna oili inayorudi kabisa. Vali zinabaki safi.

Mwalimu: Na unarudi kwenye lile bomba la lori la mzee, miaka sitini nyuma. Jua la Dar halina tofauti na la Los Angeles. Halafu kuna hesabu ya hewa. Gari lako lina sensa inayopima hewa inayopita kwenye filta, na kompyuta inatoa petroli kwa kipimo hicho. Ukiikata njia ya pumzi kurudi ukaacha upande wa manifoldi wazi, hewa ambayo haikupimwa inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, taa ya injini inawaka, na ukipima kwa kompyuta utaona msimbo P0171. Na ukiketi kwenye foleni ya barabara ya Mandela na kiyoyozi kimewashwa, harufu ya oili na petroli itaingia ndani, ambamo umempakia mtoto.

Dereva: Na vumbi, mwalimu.

Mwalimu: Na vumbi. Tumbo la injini likivuta hewa kupitia kale kafilta, linavuta na barabara yote.

Hapa sina la kuwasawazishia. Kopo la kupumulia nje kwenye gari la mtu anayetembea mjini ni kosa, na fundi anayelifunga huku akijua anamkosea mwenye gari pamoja na wapita njia. Kama kopo litafungwa, liwe limefungika pande zote: pumzi iingie, oili ibaki, hewa iliyobaki irudi kwenye injini ilikokuwa inarudi tangu mwanzo. Hilo silioni kuwa suala la ladha ya mtu.

Fundi alikuwa na swali jingine ambalo sikuwahi kulifikiria, ingawa nimekuwa nikisoma juu ya makopo haya kwa muda mrefu: litafungwa wapi? Alichora kwa chaki kwenye sakafu. Injini ya tabo, alisema, ina njia mbili za kupumua. Ukiwa kwenye foleni au unakwenda taratibu, manifoldi inanyonya, kwa hiyo pumzi inapita kwenye vali ya PCV kuingia manifoldi. Ukikanyaga mafuta na tabo ikaanza kusukuma, shinikizo la manifoldi linaifunga ile vali. Pumzi, ambayo sasa ni nyingi kuliko ile ya mwanzo, inalazimika kutokea njia ya pili, kwenye briza za vifuniko vya vali, kwenda kwenye bomba la hewa kabla ya tabo. Kopo la midomo miwili linakaa kwenye njia moja tu. Njia nyingine inaendelea kubeba oili kana kwamba hakuna kilichofungwa.

Kijana: Basi nifunge njia ya briza. Ndiko pumzi ilikojaa.

Fundi: Unakwenda wapi kila siku?

Kijana: Mbezi, Posta, Mbezi.

Fundi: Foleni asubuhi, foleni jioni. Tabo yako inasukuma dakika ngapi kwa siku? Gari lako linaishi kwenye PCV. Ungekuwa unapanda mlima Kitonga na mzigo kila wiki ningekwambia briza. Na ukifunga kwenye PCV, jua kwamba pale pana mnyonyo mkali. Mpira ukiwa laini utajibana ukajifunga. Klipu ikilegea, hewa isiyopimwa inaingia, inakuwa yaleyale ya mwalimu. Huwezi kutumia mpira wa maji ya bustani. Oili inauvimbisha, joto linaupasua. Uwe mpira wa kuhimili oili na mafuta, wenye kipenyo kilekile cha ndani cha mpira wa kiwanda. Ukibana njia, unaongeza shinikizo tumboni.

Kijana: Na lenyewe likae wapi?

Fundi: Mbali na tabo na ekzosi. Mbele, karibu na rejeta lakini lisiguse, upepo ulipige. Lakini koki iwe mahali mkono unafika bila kufungua kitu. Ukilificha, hutalimwaga.

Mwalimu akaongeza jambo kuhusu baridi. Wenye magari Njombe na Makambako, mwezi wa Julai, watakuta kopo limejaa uji mweupe kama maziwa yaliyoganda: ni maji na oili vimepigwa pamoja. Wasidhani gasketi ya hedi imeungua kabla ya kupima maji ya rejeta. Huku pwani uji huo ni nadra, ila kwa gari la safari fupifupi, la kwenda sokoni na kurudi kabla injini haijapata moto sawasawa, unaweza kuonekana.

Ninaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu yananihusu. Miaka michache iliyopita nilifunga kopo kwenye gari langu dogo, injini ya kawaida isiyo na tabo, nozo zake ziko kwenye manifoldi. Aliyeniuzia aliniambia litapunguza ulaji wa mafuta na kuongeza nguvu. Kwa miezi sita nililifungua kila mwisho wa mwezi. Nilichokuwa napata ni matone ya maji yenye harufu ya petroli na utando mwembamba wa oili. Nguvu haikuongezeka, mafuta yalikwenda vilevile. Nililiondoa nikarudisha mpira wa kiwanda. Vali zangu zilikuwa zinaoshwa na petroli tangu siku ya kwanza. Kwa gari la namna hiyo, na ndiyo mengi tuliyo nayo barabarani, elfu themanini ni bora ikanunue oili nzuri na vali mpya ya PCV.

Na oili nzuri ilizungumzwa pale, ingawa kwa muda mfupi kuliko ilivyostahili. Mwalimu alieleza kipimo kiitwacho Noack: oili hupashwa moto mpaka nyuzi 250 kwa saa moja, kisha hupimwa uzito uliopotea kwa kuwa mvuke. Oili za viwango vya karibuni vya ILSAC hazitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 15, na za kiwango cha Ulaya cha ACEA C3 asilimia 13. Kinachopotea ndicho kinachokwenda kwenye briza. Mtu anaweza kupunguza ukoko wa vali zake kwa kuchagua oili tu, kabla ya kutoboa au kukata chochote. Fundi akadakia kwamba oili yenyewe iwe ya kweli, si ya kujaziwa kwenye galoni uchochoroni.

Kisha ikafanyika kazi ambayo ingetakiwa ifanyike kabla ya maneno yote. Mwalimu alimwomba mwanafunzi wake mpira mwembamba unaoonekana ndani, akaupinda kama herufi U, akamimina maji kidogo, akauchomeka upande mmoja kwenye tundu la dipstiki. Injini ikawashwa. Tulikaa tumeinama sote kama watu wanaosoma barua moja.

Mwalimu: Mnaona? Maji yamepanda upande wa injini. Inavuta kidogo. Hiyo ndiyo afya. Yangesukumwa upande wa nje, ningesema ama PCV imeziba, ama ringi zimechoka.

Fundi: Na yangesukumwa, kopo lingejaa kila wiki, na yeye angefurahi kwamba linafanya kazi. Kopo halizibi ringi, mwanangu. Wako wanaofunga kopo ili wasione moshi, injini inakufa huku wanamwaga kopo.

Kijana: Kwa hiyo nifunge, nisifunge?

Fundi: Injini yako nzima. Kwa nini uiguse?

Mwalimu: Mimi namwambia afunge, fundi. Ni nzima leo, na ukoko haungoji ugonjwa. Unajengeka kwenye injini nzima vilevile. Sehemu yake inatoka kwenye sili za shina za vali, hiyo kopo haliigusi. Lakini sehemu inayopita kwenye PCV, kopo lenye wavu linaipunguza. Sisemi linaimaliza.

Fundi: Atasahau.

Dereva: Mpe daftari.

Fundi alikataa kulifunga kopo lile tupu, na nilimuunga mkono. Kijana aliahirisha, akaenda Morogoro bila kopo. Baada ya wiki tatu alirudi na jingine, lenye vibao na wavu unaofunguka kwa kusafishwa, kijiti cha kupimia na koki ya shaba. Fundi alilifunga kwenye njia ya PCV kwa mipira mipya, akajaribu kila kiungo kwa maji ya sabuni, akamwandikia kilomita kwa kalamu ya rangi kwenye kifuniko chenyewe. Alimwambia aangalie kila Jumamosi mwezi wa kwanza ili ajue gari lake linatoa kiasi gani, halafu ajipangie mwenyewe. Kinachomwagwa kisirudishwe kwenye injini hata kikionekana kisafi, kina petroli na maji yenye tindikali. Wala kisimwagwe mtaroni. Kiletwe gerejini, kwenye pipa la oili chafu.

Nilikutana naye tena gari likiwa limetembea kilomita 1,800 tangu siku ile. Alimimina mbele yangu kwenye chupa ya maji iliyokatwa. Ilikuwa chini ya nusu kikombe cha chai: maji ya kahawia chini, oili nyeusi imeelea juu, harufu kali ya petroli. Daftari lilikuwa kwenye sanduku la dashibodi, na lilikuwa na mistari minne.

Hukumu yangu, baada ya kuwasikiliza wote, ni hii. Mwenye injini ya nozo za kwenye manifoldi aache. Mwenye tabo na nozo za ndani, au dizeli inayorudisha moshi wake kwenye manifoldi, masizi yakashikamana na oili, anayo sababu ya kufunga, mradi tumbo la injini limepimwa kwanza, kopo lina wavu, halipumulii nje, na yupo mtu mmoja anayejulikana kwa jina ambaye kazi yake ni kulimwaga. Kama mtu huyo hayupo, mpira wa kiwanda ni salama zaidi.

Nawe uliyekwisha kufunga, na hukumbuki ni lini ulifungua koki mara ya mwisho: fungua boneti leo, kabla hujawasha gari.